Keki ndogo za mbabula: tatu zikiungua, faida imekwenda

Mwisho wa mwezi wa sita mwaka 2025, mama mmoja aliingia katika biro ya sendika yetu hapa Kolwezi na beseni kichwani. Hakukubali kiti. Aliweka beseni juu ya meza, katikati ya makaratasi yetu, akafunua kitambaa. Ndani mulikuwa keki ndogo kumi na nne, nyeusi chini, mbichi katikati, zimebonyea kama kofia ya kazi iliyoangukiwa na jiwe.

« Ba papa, muangalie, » akasema. « Hii njo ile feza mulinikopesha. Basi mukule. »

Hakuna mutu aliyecheka. Bwana yake ni mwenzetu, dereva wa kamyo katika kariere. Tangu mwezi wa pili serikali ilikuwa imesimamisha kutosha kobalti inje ya inchi, kwanza miezi mine, kisha ikaongeza mitatu. Kampuni fulani, za zile zinazopangisha wafanyakazi kwa kampuni kubwa, zilirudisha watu nyumbani. Wengine walipata nusu ya mushahara, wengine walipata maneno tu. Sisi tulifungua kisanduku chetu cha kusaidiana na kukopesha wamama kumi na mbili feza kidogo. Wengi wao walichagua keki ndogo. Watoto wa masomo wanazipenda, na watu wanaotoka poste ya usiku wananunua moja ao mbili za kunywa na chai.

Tuseme ukweli: ni sisi tulikosea. Tulitoa feza ya unga, hatukutoa mafundisho. Ku kazi hatukubali hata siku moja mutu apande juu ya mashini bila kufundishwa. Lakini siku ile tulijisemea: mwanamuke anajua kupika, itatosha. Kupika bukari ni kazi moja, kuchoma keki juu ya makala ni kazi ingine kabisa.

Basi tulienda kutafuta mwalimu. Tulimupata katika nyumba ya zamani ya kambi: mama muzee, mujane wa mufanyakazi. Yeye alijifunza katika foyer social, fasi bibi za wafanyakazi walikuwa wakienda kujifunza kushona, kupika na kulea watoto, tangu wakati wa Union Minière mpaka wakati wa Gécamines. Siku tatu za posho tulikaa ku lupango yake, wamama kumi na mbili na sisi wanaume watatu, na tuliandika kila kitu mu kaye. Haya yafuatayo ni ya kaye ile, pamoja na yale tuliyojaribu sisi wenyewe na kuharibu kwanza.

Mizani mbele ya yote

Swali la kwanza mama muzee aliuliza: « Unapimaka na nini? » Mumoja akasema kikombe, mwingine kiganja, mwingine macho. Akatikisa kichwa. « Njo maana leo inapanda, kesho inashuka. »

Keki yake ni ile Wabelgiji na Wafaransa wanaita quatre-quarts, maana yake robo ine. Sheria yake ni moja: mayai, unga wa ngano, sukari na majarini, vyote vine viwe na uzito moja. Unapima mayai kwanza, na mayai yanaamuru vingine. Ukiwa na mayai makubwa, unga unaongezeka. Yakiwa madogo, unapunguka. Hauna lazima ya kujua ni grama ngapi.

Na mizani? Unaitengeneza. Kamata kijiti kilichonyooka, urefu wa mukono. Funga kamba katikati na ukitundike. Ku miisho miwili tundika makopo mawili ya namna moja, kila moja mbali sawasawa na katikati. Yakiwa matupu, kijiti kilale sawa. Kama kinainama, sogeza kamba kidogo. Kisha tia mayai mane upande huu, na unga upande ule mpaka kijiti kilale tena. Mwanga unga, tia sukari. Mwanga sukari, tia majarini ndani ya karatasi.

Wachimbaji wanaosoma gazeti hii wanajua mizani ni nini. Kila mutu aliyepeleka mufuko wa minerai kwa munuzi anajua uchungu wa kupimiwa vibaya. Sasa, mutu anayepima unga kwa macho anajiibia yeye mwenyewe.

Mayai mane yanatosha keki 24 za kopo ndogo ya tomati, ile ya grama 70.

Levire, na kilima chetu

Levire ya keki ni ile ya poda. Ile ya mikate, ya kungojea saa nzima unga uvimbe, si yake. Kwanza ujue kama iko nzima: tia nusu ya kijiko cha chai ndani ya maji ya moto. Ikichemka na povu, iko muzuri. Ikilala kimya, imekufa, hata kama muuzaji anaapa. Levire ya kadogo, ile inayouzwa katika tusashe twa plastiki ku soko, inashika maji upesi wakati wa mvua, basi uijaribu kila mara.

Kuna jambo moja wengi hawajui. Kolwezi iko juu ya metre 1.400 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo maji hapa yanachemka kwa digri karibu 95, hayafike 100. Hewa ni nyepesi, na gazi ya levire inavimba kwa nguvu kuliko fasi za chini. Keki inapanda haraka mbele ya kuiva, kisha haina mifupa ya kujisimamisha, inaanguka katikati. Resepi zilizoandikwa kwa watu wa Anvers ao Matadi zinadanganya watu wa kilima.

Kwa mayai mane, fasi za chini wanatia vijiko viwili vya chai vya levire. Sisi hapa tunatia kimoja na nusu, na kijiko kiwe sawa, kimepanguswa na kisu, si kile chenye kilima juu. Tunapunguza tena kijiko kimoja cha supu cha sukari, na tunaongeza vijiko viwili vya supu vya maziwa, sababu hewa yetu inakausha. Mama wa beseni alikuwa anatia vijiko vine. « Nilizania ikiwa mingi njo itapanda sana, » akasema. Ilipanda kweli, kisha ikaanguka.

Kama poda haipatikane, robo ya kijiko cha chai cha bikarbonati na nusu ya kijiko cha vinegre ao maji ya ndimu vinachukua fasi ya kijiko kimoja cha levire. Lakini hapo ukimbie ku moto, haingoje.

Piga sana, kisha acha kupiga

Kazi ya mukono iko na sehemu mbili, na kila moja inataka namna yake.

Sehemu ya kwanza: majarini na sukari. Piga na mwiko mpaka rangi igeuke nyeupe na ionekane nyepesi. Ni dakika kumi, na mukono utauma. Hewa unayoingiza hapo njo itainua keki, kuliko levire. Kisha mayai, moja moja, ukipiga kila mara. Katika miezi ya baridi, wa sita na wa saba, majarini inakuwa jiwe na mayai ya baridi yanakatakata muchanganyo. Weka mayai ndani ya maji ya vuguvugu dakika tano, na majarini karibu na mbabula, ilainike bila kuyeyuka. Majarini iliyoyeyuka haishike hewa.

Sehemu ya pili: unga. Uchekeche pamoja na levire na chumvi kidogo, umwange, geuza polepole kutoka chini kwenda juu. Ukiona nyeupe ya unga haiko tena, acha. Kuendelea kupiga unga wa ngano kunaufanya uvute kama mupira. Keki inakuwa ngumu na ndani inaacha matundu marefu. Wanaume wenye nguvu, tulijiona hapo. Keki yetu ya kwanza ilikuwa ya kutafuna kama caoutchouc.

Tena, juu ya mbabula hauwezi kuchoma keki 24 kwa mara moja. Sufuria kubwa inakamata nane. Kama umechanganya yote, zile za mwisho zinangoja karibu saa moja, na levire inamaliza nguvu yake ndani ya beseni. Fanya hivi: gawanya unga wenye levire mara tatu, na muchanganyo wa mayai mara tatu. Unganisha tu sehemu inayoenda ku moto. Tangu tulipojua hiyo, zile nane za mwisho zilifanana na zile nane za kwanza.

Moto kidogo chini, moto mwingi juu

Hapa njo keki nyingi zinakufa. Umeme unakatika wakati wowote, na wengi wetu hatuna furu. Basi sufuria inakuwa furu.

Tia muchanga mukavu, uliochekechwa, ndani ya sufuria nzito, unene wa vidole viwili. Funika na bati, na juu ya bati panga makala ya moto. Chini acha makala machache, yaliyoshika majivu kidogo. Mama muzee anasema: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Acha sufuria ipate moto dakika kumi na tano mbele ya kuingiza kitu. Kuingiza keki katika sufuria baridi ni kuipika kama uji.

Ili ujue moto umefika, nyunyiza kijiko cha chai cha unga juu ya kifuniko cha kopo na uweke ndani. Dakika tano: ukigeuka rangi ya biskuti, ingiza keki. Ukiwa mweusi, punguza makala. Ukibaki mweupe, ongeza juu, si chini.

Jaza kopo nusu na kidogo, isipite theluthi mbili. Funika, na dakika kumi na tano za kwanza usifunue, hata mutoto alie. Hewa baridi ikiingia, keki inashuka na haipande tena. Kisha choma na kijiti kisafi: kikitoka kikavu, toa. Mara nyingi ni kati ya dakika 20 na 25. Ziache dakika tano ndani ya kopo, kisha zitoe zipoe inje. Zikibaki mule, jasho yao inazilowesha.

Na neno moja la maisha: mbabula iwe inje, ao chini ya kibanda bila kuta. Usichome keki ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama ni baridi, na usiingize mbabula ndani usiku kwa kupasha nyumba moto. Makala yanatoa gazi isiyo na harufu, isiyoonekana, na inaua watu katika usingizi. Wenzetu wa chini ya shimo wanafundishwa jambo hilo siku ya kwanza ya kazi. Walifikishe nyumbani.

Makopo, muchanga na vumbi ya kazi

Kopo ndogo ya tomati ni muzuri. Iangalie ndani: yenye kutu, itupe. Pinda mudomo wake na nyundo usikate vidole vya watoto, ichemshe, ipake mafuta na unga kidogo. Ukitaka kuivalisha karatasi, iwe nyeupe, safi. Usitumie karatasi yenye wino, hata hii gazeti, hata kama unaipenda.

Lakini kuna vitu havitoki ku kazi na kuingia mu jikoni. Bati iliyokatwa katika pipa la asidi ao la dawa za usini, hapana. Bidoni iliyobeba dawa za kuosha minerai, hapana, hata ukiiosha mara kumi. Muchanga wa karibu na takataka za usini ao wa muto unaopokea maji yake, hapana. Tuliona bati ya namna hiyo juu ya sufuria ya mumoja wetu, delege mwenzetu, na yeye ndiye anayefundisha wengine usalama. Tulimuambia mbele ya wote, akaitupa.

Tena salopeti ya kazi isitundikwe fasi unga unachekechwa. Vumbi yake ni ya minerai. Bwana akitoka kazi, anawe, abadilishe nguo, kisha aje kupiga majarini. Ndiyo, aje kupiga. Mukono unaoshika barre ya mine hauwezi kushindwa na mwiko.

Keki inasema kosa lake

Keki ikitoka vibaya, usitupe mbele ya kuisoma. Imeanguka katikati: levire mingi, ao ulifunua mapema, ao haikuiva. Imepasuka na kuwa na pembe juu: moto wa juu ulikuwa mukali sana. Nyeusi chini na mbichi juu: makala mengi chini. Ngumu, yenye matundu marefu: ulipiga unga sana. Inakauka siku ile ile: ilikaa muno ku moto. Inashika kopo: mafuta kidogo, ao uliitoa mbele ya wakati. Andika kosa mu kaye na tarehe yake. Kosa lililoandikwa halirudi mara nyingi.

Hesabu ya keki tatu

Sasa tuje ku feza. Bei inabadilika kila juma kufuatana na dolare na barabara ya Kasumbalesa, basi tutatumia mufano tu. Tuseme unga, sukari, majarini, mayai, levire, maziwa na makala vyote pamoja ni 9.600 franka kwa keki 24. Kila keki imekugharimu 400. Unauza 500. Ukiuza zote, unapata 12.000, na faida ni 2.400.

Tatu zikiungua, umebaki na 21. Unauza 10.500. Faida ni 900. Keki tatu zimekula 1.500, kuliko nusu ya faida yako. Na kama watoto wamekula mbili zingine, hesabu 9.500 ya kwako: umetumika siku nzima na umepoteza 100.

Tulipoandika hesabu hii ku ubao, wamama walinyamaza. Kisha mumoja akasema: « Kumbe mi niko nalipaka bantu bakule keki yangu. » Wengi hawakuhesabu makala, juu yananunuliwa pamoja na ya bukari. Yahesabu. Hesabu na taxi-moto. Na likelemba ya juma isitoke katika feza ya unga, itoke katika faida. Kama faida haiko, useme mbele ya wenzako.

Keki si mushahara

Kuna wenzetu walitulaumu. Walisema: sendika gani hii, badala ya kudai mishahara munafundisha bibi zetu kuchoma keki? Tunaheshimu neno hilo, na jibu letu ni hili. Keki haichukue fasi ya mushahara. Mutu aliyerudishwa nyumbani na kampuni yuko na haki yake, na barua tulizoandika juu ya wale madereva tunazifuata mpaka leo. Lakini tunajua tena jinsi mugomo unavunjika. Hauvunjike ku mulango wa kampuni. Unavunjika nyumbani, siku mutoto anafukuzwa masomo na baba anakubali kusaini karatasi yoyote. Wazee wetu waliona hiyo wakati wa départs volontaires ya 2003: watu walikamata feza ya mara moja, na kisha hawakuwa na kazi wala ujuzi wa kufanya kitu kingine.

Nyumba yenye 2.400 franka kila jioni inaweza kungoja siku chache zaidi mbele ya kusaini. Sisi wa sendika tunajua siku chache hizo zinaweza kuwa na bei gani.

Mama wa beseni alimaliza mukopo wake mwezi wa tisa. Bwana yake angali anangoja kurudishwa ku kazi, na asubuhi yeye njo anapiga majarini. Mizani yao ya kijiti inatundikwa ku muembe wa lupango. Jirani wanakuja kuiazima, na yeye anawapa na sharti moja: mayai yapimwe kwanza.